Shajara ya kona ya kuotesha damu: watoto wa wodini, usugu wa dawa na kondoo wawili

Naandika kwa wenzangu wa maabara za hospitali za wilaya wanaotaka kuanza kuotesha damu za watoto, yaani kuiweka kwenye mchuzi ili bakteria waliomo waote na kutambulika, bila mashine ya mamilioni. Hatua zilizokwenda sawa nimezikata, zimo kwenye miongozo. Nilikorefusha ni pale tulipokosea, maana huko ndiko pesa na usingizi vilikoishia. Bei ni shilingi za Tanzania, kama tulivyolipa sisi.

## 21 Januari 2023: Ruhusa

Wodi yetu ya watoto ina njia moja. Mtoto ana homa kali, kipimo cha malaria hasi, anaanza ampisilini na jentamaisini. Asipopata nafuu anahamishiwa seftriaksoni. Asipopata nafuu tena, rufaa. Mdudu aliye ndani hakuna anayemjua. "Tunapapasa tu," daktari wa wodi ameniambia zaidi ya mara moja.

Hoja niliyompelekea mganga mfawidhi niliitoa Muhimbili. Mwaka 2001 na 2002 watafiti walichukua damu za watoto 1,828 waliolazwa pale. Karibu 14 kati ya kila 100 walikutwa na bakteria au fangasi kwenye damu, na zaidi ya theluthi ya hao walifariki. Kwa wenye malaria, kifo kilikuwa kama mmoja kati ya kumi. Waliobeba bakteria wenye ESBL, yaani vimeng'enya vinavyoikata seftriaksoni na ndugu zake kabla haijafanya kazi, walifariki 71 kati ya kila 100. Kilifi nako, Kenya, hospitali ya wilaya inayohudumia vijiji, robo ya watoto waliofia wodini walikuwa na bakteria kwenye damu.

Akasema hizo ni habari za miaka ishirini iliyopita. Nikamjibu ndiyo, na za kwetu za leo hatuna hata moja. Akasaini.

## 18 Februari 2023: Vifaa

Haraka haraka. Inkubeta, kabati la joto la kuoteshea, ilikuwepo stoo, imefunikwa kanga ya kampeni, thermostati imekufa. Fundi wa mafriji mtaani aliibadilisha kwa 45,000. Otoklevu, mashine ya kutakasa vifaa kwa mvuke, hatuna. Tunatumia presha kuka ya lita 24 juu ya jiko la gesi, dakika 15 kuanzia mkazo unapotimia. Nunua yenye geji, si ile ya mluzi tu (185,000).

Mchuzi wa kuoteshea tunapika wenyewe na kuujaza mililita 20 kwenye chupa za kioo zenye kizibo cha mpira. Ndani yake mna kemikali iitwayo SPS, asilimia 0.05. Usiiache ukidhani ni urembo. Huzuia damu isigande, na hupunguza makali ya kinga ya mtoto mwenyewe ambayo ingeendelea kuua bakteria ndani ya chupa. Kila mkupuo wa chupa, mbili tunazilaza tupu kwenye inkubeta siku mbili kabla ya kugawa wodini. Zikichafuka, mkupuo wote unamwagwa. Imetokea mara mbili.

## 11 Machi 2023: Damu ya mtu haifai

Sahani za agari, ile jeli ya kuoteshea bakteria, zinahitaji damu, asilimia 5 hivi. Tulifanya kama wanavyofanya wengi: tukachukua mifuko iliyopitwa na muda kutoka benki ya damu. Bure, ipo, inakaribia kutupwa. Sahani zikatoka nyekundu za kupendeza.

Kisha tukapanda Streptococcus pneumoniae, bakteria wa nimonia, wa mfano tuliyepewa na maabara ya rufaa. Akaota kwa kujilazimisha, na ule ukijani unaomzunguka tukashindwa kuusoma. Tulipoteza wiki mbili tukilaumu agari. Kosa lilikuwa damu. Ina kingamwili za mchangiaji, ina sitreti ya kuzuia kuganda, na huenda mchangiaji alikuwa amemeza dozi ya kitu fulani wiki ile. Ukiacha hayo, unampa mtu wako wa maabara damu ya binadamu achezee kila siku.

Basi tukanunua kondoo. Majike wawili mnadani, 130,000 kila mmoja. Banda nyuma ya jengo la kufulia, 90,000. Daktari wa mifugo alitufundisha kutoa damu kwenye mshipa wa shingo, 20,000 na chai. Tunatoa mililita 100, leo huyu, wiki mbili baadaye yule. Damu inaingia kwenye chupa iliyotakaswa yenye shanga za kioo, unaizungusha taratibu dakika kumi mpaka nyuzi za kuganda zote zijishike kwenye shanga. Inabaki damu isiyoganda na isiyo na dawa yoyote.

Mhasibu alidai risiti ya kondoo. Mnadani nani atakuandikia risiti ya mashine? Tulimaliza kwa barua ya mtendaji wa kijiji. Kwenye daftari la mali wale kondoo wameandikwa chini ya "vitendanishi".

## 29 Aprili 2023: Chupa 40 za kwanza

Chupa 13 zimeota. Tulishangilia mpaka tulipopaka rangi ya Gram, inayoonyesha kwa darubini bakteria ni wa kundi gani. Tisa kati ya hizo ni wadudu wa ngozi, na Bacillus kwa wingi. Huo ni uchafu wetu, haukutoka kwenye damu ya mtoto. Maabara inayojiheshimu haitakiwi kuzidi chupa 3 kati ya 100.

Nilikwenda kukaa wodini asubuhi tatu bila kusema lolote, nikitazama tu. Niliona mambo mawili.

La kwanza ni kopo la pamba. Pamba zimelowekwa spiriti tangu Jumatatu, kifuniko kiko wazi, spiriti ikipungua inaongezwa juu ya ile ya zamani. Bacillus hutengeneza mbegu ngumu ambazo spiriti haiziui. Ukipaka pamba ile unapanda shamba. Tulifuta kopo. Sasa pamba kavu zilizotakaswa ziko kwenye bahasha ndogo, spiriti inamiminwa pale pale, ngozi inasuguliwa nusu dakika na kuachwa ikauke yenyewe. Kuacha ikauke ndiyo ngumu kuliko yote, kwa sababu mtoto analia na mama anakutazama.

La pili ni mpangilio. Sista anavuta damu, anajaza kwanza kichupa cha picha kamili ya damu, halafu sindano ile ile anaingiza kwenye chupa yetu. Kile kichupa kimetengenezwa kwa ajili ya kuhesabu chembe, si lazima kiwe kimetakaswa, na ncha ya sindano ikigusa kilichomo ndani inakuja nacho. Sheria mpya, imebandikwa kwenye toroli: chupa ya kuotesha kwanza, vingine baadaye.

Gharama ya kosa: chupa tisa, sahani kama 25, na watoto wanne waliopewa siku za ziada za dawa kwa ajili ya uchafu wetu. Hilo la mwisho silijui nilipigie bei gani.

## 20 Mei 2023: Mizani ya jikoni

Uchafu umepungua, lakini sasa haioti hata pale daktari anapoapa mtoto ana sepsisi, maambukizi makali ya mwili mzima. Nikanunua mizani ya kupimia unga wa keki (25,000). Chupa inapimwa kabla ya kwenda wodini, uzito unaandikwa kwenye lebo, inapimwa tena ikirudi. Mililita moja ya damu ni gramu moja na kidogo.

Chupa nyingi zilirudi na chini ya nusu gramu! Kwenye mililita moja ya damu ya mtoto mgonjwa wakati mwingine bakteria hawafiki hata kumi. Ukileta matone umeleta bahati nasibu. Sasa tunataka mililita moja kwa kichanga, na mbili hadi tatu kwa mkubwa wake. Uzito wa wiki unabandikwa ukutani bila majina. Ulipanda wenyewe, sikuhitaji kumkemea mtu.

Jambo jingine ni dawa kabla ya damu. Wengi wanafika wameshapitia duka la dawa muhimu. Ukimuuliza mama "ametumia antibayotiki?" atasema hapana, na hadanganyi. Uliza hivi: "Mama, kabla ya kuja alipewa ile ya unga ya kuchanganya na maji?" Atakwambia mpaka rangi ya chupa.

Na simu. Majibu yetu ya kwanza yalifika wodini siku ya nne kwenye karatasi nzuri yenye muhuri, mtoto ameshazikwa au ameshakwenda nyumbani. Sasa chupa ikibadilika tunapaka Gram saa hiyo hiyo na kumpigia daktari wa zamu: "Kitanda cha sita, vijiti hasi vya Gram." Hilo tu limebadilisha dawa mara nyingi kuliko karatasi.

## 8 Julai 2023: Kondoo alikohoa

Sahani mpya, yule Streptococcus wa mfano haoti kabisa. Tulirudia mara tatu. Mchuzi mzuri, joto sawa, sahani za mkupuo wa nyuma zinaotesha bila shida.

Kijana anayelisha kondoo ndiye aliyetegua kitendawili, na hakujua kama ametegua. Alipita akaniambia yule mwenye doa anaendelea vizuri, kikohozi kimekwisha. Kikohozi gani? Akaeleza kwamba alimwona anakohoa, akanunua sindano ya oksitetrasaiklini kwenye duka la mifugo, akamdunga mwenyewe. Hela alitoa mfukoni mwake kwa huruma. Damu tuliyotoa siku tatu baadaye ilikuwa na dawa ya kutosha kumzuia mdudu mlaini kama yule.

Sahani 30 zilikwenda na maji. Sikuweza kumkasirikia. Kafanya kile kile wanachofanya wazazi wa wagonjwa wetu, na kile tunachofanya sisi wodini. Tulimrudishia hela yake, 7,000. Sasa banda lina daftari: kondoo akidungwa chochote, hatoi damu mwezi mzima.

## 2 Septemba 2023: Usugu uliokuwa kwenye friji yetu

Kama utasoma sehemu moja tu ya shajara hii, soma hii.

Kupima usugu tunatumia diski, vipande vya karatasi vilivyolowekwa dawa, juu ya agari ya Mueller-Hinton. Bakteria wakifa kuzunguka diski unapata duara tupu, unalipima kwa rula. Duara dogo, mdudu sugu. Mpaka mwisho wa Agosti tulikuwa tumetoa majibu matano yanayosema "seftriaksoni: sugu". Daktari wa wodi hakushtuka, alisema ndivyo alivyokuwa anahisi. Mimi nilifurahi kidogo, nakiri, kwamba kazi yetu imeanza kuonyesha kitu.

Kila wiki unatakiwa kupima mdudu wa udhibiti, E. coli ATCC 25922, ambaye tabia zake zinajulikana dunia nzima. Nilikuwa nimemruka wiki tatu. Sahani zilikuwa chache, nikaona nizitunzie wagonjwa.

Jumatano nilimpima. Seftriaksoni inatakiwa impe duara la milimita 29 hadi 35. Nilipata 23. Jentamaisini, inayotakiwa kuwa 19 hadi 26, ilitoa 22, katikati kabisa.

Nilikaa na namba hizo mbili mpaka saa mbili usiku. Agari ingekuwa nene kuliko milimita 4, maduara yote mawili yangesinyaa. Ningekuwa nimepanda bakteria wengi mno, vivyo hivyo. Lakini jentamaisini imesimama na seftriaksoni imeanguka. Nikaongeza ampisilini: nayo imeanguka. Hizi mbili ni za ukoo wa beta-laktamu, ukoo wa penisilini na ndugu zake, na ukoo huo ukionja unyevu unaoza. Jentamaisini ni ngumu, haijali sana. Basi ugonjwa ulikuwa kwenye diski.

Umeme ulikatika usiku mbili mfululizo mwezi Julai, friji ikawa kabati. Halafu tulikuwa na tabia ya kutoa kichupa kwenye baridi na kukifungua papo hapo; jasho la hewa linatua juu ya karatasi, unakirudisha kikiwa na maji yake ndani.

Tuliagiza diski mpya (kichupa cha 50 kwa 16,000). Akiba yote iko kwenye friza na vijiwe vya kufyonza unyevu. Ya wiki moja tu ndiyo inashuka kwenye friji, na ikitoka inakaa mezani saa nzima kabla ya kufunguliwa. Mdudu wa udhibiti akatoa 31.

Tulikuwa tumewahifadhi wale bakteria watano. Tukawapima upya. Watatu ni sugu kweli. Wawili seftriaksoni inawaua vizuri tu.

Mmoja wa hao wawili alitoka kwa mtoto wa miezi minane aliyehamishiwa meropenemu kwa sababu ya karatasi yangu. Siku ile dawa hiyo haikuwepo hospitalini. Baba yake alinunua duka la nje kwa kuuza mbuzi wawili. Alipokuja kliniki nilimfuata na daktari tukamweleza. Nilisema: "Baba, kipimo chetu kilikosea. Ile dawa ya bei haikuwa lazima. Tunaomba radhi."

Alinyamaza kidogo. "Mtoto si amepona, dokta?"

"Amepona."

"Basi. Ila yule mbuzi wa pili alikuwa na mimba."

Maabara tulichanga 120,000 tukampa. Naiandika kwenye gharama za mradi, mstari mmoja na diski, kwa sababu ni bei ya diski. Mdudu wa udhibiti sasa hupimwa kila Jumatatu kabla ya sampuli yoyote ya mgonjwa. Akitoka nje ya mipaka, hakuna jibu la usugu linalotoka siku hiyo, hata daktari akisimama mlangoni.

## 25 Novemba 2023: Vichanga wanne

Klebsiella pneumoniae kwenye damu za vichanga wanne ndani ya siku tisa. Wote sugu kwa ampisilini (huyu kwa ampisilini ndivyo alivyozaliwa), kwa jentamaisini na kwa seftriaksoni. Safari hii nilishuku diski kwanza. Udhibiti uko sawa. Tukapima ESBL: seftazidimu peke yake, na seftazidimu yenye klavulaneti, inayovizuia vile vimeng'enya. Tofauti ya milimita 5 au zaidi inatosha. Sisi tulipata 9. Amikasini na meropenemu bado zinamuua.

Wawili walifariki kabla jibu halijatoka.

Wanne wenye usugu wa sura moja hawakuleta kila mtu wake kutoka tumboni. Tulipangusa kila kitu: sinki, mpira wa kufyonza kamasi, mizani ya vichanga, mikono yetu. Sinki lilikuwa na wadudu wa kila kabila, lakini si huyu. Tulimpata kwenye chupa ya dekstrozi ya asilimia 5, ya nusu lita, imetundikwa ukutani, sindano imeachwa ikichungulia kwenye kizibo. Kila kichanga akihitaji kuchanganyiwa dawa, inavutwa humo. Klebsiella anaota kwenye dekstrozi bila kuongezewa chochote, na maji hayabadiliki rangi mpaka wameshakuwa mamilioni.

Mtu akisoma hapa atauliza sista gani aliyefanya. Zamu ya usiku ina sista mmoja na vichanga zaidi ya ishirini. Chupa moja kubwa ndiyo iliyomwezesha kuwafikia wote. Tulichobadilisha ni ukubwa: vichupa vidogo vya kuchanganyia, kimoja kwa kichanga mmoja, kinatupwa zamu ikiisha. Ghali zaidi, kama 38,000 kwa wiki. Tangu hapo wiki tatu zimepita, mdudu huyo hajaonekana.

Hilo limetuletea ugomvi na meropenemu. Kichanga wa kilo 3 anahitaji miligramu 60 kwa dozi, kichupa kina 500. Kinachobaki kinatamanisha kuwekwa friji kwa ajili ya kesho na wa jirani. Baada ya ile dekstrozi hatuwezi. Wakiwepo wawili wanaohitaji, dozi zinapangwa saa moja na kuvutwa mara moja, kwa sindano mpya, juu ya meza safi. Akiwepo mmoja, tunamwaga na roho inauma.

## 17 Februari 2024: Jedwali la ukutani

Madaktari wamekubaliana mambo matatu. Kichanga anayezorota baada ya kukaa wodini zaidi ya siku mbili anapewa amikasini badala ya jentamaisini wakati tunasubiri chupa. Chupa isipoota saa 48 na mtoto ana nafuu, dawa inasimamishwa. Hili wamelipinga kuliko yote, kuacha dawa kunaonekana kama kumwacha mtoto. Meropenemu inatoka kwa jibu la maabara au sahihi za madaktari wawili.

Mganga mfawidhi anataka jedwali kubwa ukutani: mdudu huyu, dawa hii, asilimia hii. Wageni wa mkoa watakuja mwezi ujao. Nimemkatalia. Mwongozo tunaoufuata unataka angalau bakteria 30 wa aina moja, kila mgonjwa mara moja, kabla ya kuandika asilimia. Klebsiella tunao 19, na wanne kati yao walitoka kwenye chupa moja. Staphylococcus aureus tunao 11. Nimempa orodha ya mkono badala yake, mgonjwa mmoja mstari mmoja, na wale wawili wa seftriaksoni wamo, wamekatwa kwa kalamu nyekundu na tarehe ya kusahihishwa. Hajafurahi.

Mpaka leo tumetumia 1,940,000, bila mishahara. Sehemu kubwa ni unga wa agari na diski. Gesi imepanda. Kondoo mwenye doa amezaa juzi, kwa hiyo mpaka mwanawe aache kunyonya tunatoa damu kwa mmoja tu, na sahani zitakuwa chache mpaka Mei. Za Jumatatu za udhibiti nimezitenga kwanza.